Kitu Kilicholia Puani mwa Ndege Yangu

Wakuu, siku ndege yangu ya plastiki ilipoanza kulia, nilidhani masikio yangu ndiyo yamechoka.

Niliinyanyua kutoka kabatini, ikafanya: ting.

Nikaiinamisha upande wa pili. Ting.

Nisomeni mpaka mwisho kabla ya kunitukana. Matusi nastahili, ila yapangeni vizuri.

Naitwa Kiyotaka Mochizuki, wa hapa Shizuoka. Nina miaka arobaini na sita, sina mke, nina modeli. Nakata vipande vya plastiki kwenye fremu zake, nasugua kwa msasa, naunganisha kwa gundi, napulizia rangi. Ndege moja inaweza kunila miezi minne. Kwetu hilo halimshangazi mtu, maana viwanda vya hivi vitu viko hapa hapa na nusu ya majirani wamewahi kufanya kazi humo.

Iliyolia ilikuwa ndege ya abiria ya zamani, injini mbili za mapangaboi. Mama alipanda ya namna hiyo na marehemu baba walipotoka kuoana. Niliiunda miaka tisa iliyopita, ikanipa nafasi ya kwanza kwenye mashindano ya chama chetu cha modeli. Niliipenda kupita kiasi.

Sasa kuna jambo lazima mlielewe.

Ndege yenye gurudumu puani, ukiiunda bila kutia uzito ndani ya pua, inaangukia nyuma na kukaa mkia kama mbwa. Kwa watu wa modeli hakuna aibu kuzidi hiyo. Umepaka rangi miezi miwili, halafu ndege imekaa kitako mbele za watu!

Kwa hiyo kabla ya kufunga pua, unashindilia vitu vizito. Mimi hutumia chubwi, vile vipande vya risasi ambavyo wavuvi hufunga kwenye mshipi. Navikandamiza kwenye udongo wa kuchezea, nafunga, napiga gundi. Ukishafunga, hufungui tena mpaka uvunje.

Aprili iliyopita mwenyekiti wa chama, mzee Iwao, alitangaza maonyesho ya Mei. Kila mtu alete kazi yake bora. Ndipo nikainyanyua, ndipo nikasikia.

Nikampigia simu.

"Mzee, kuna kitu kimeachia puani mwa ndege yangu."

"Udongo umekauka, chubwi imetoka. Kawaida hiyo. Iweke mezani, nani ataitikisa?"

"Chubwi inalia ting?"

Nikaitikisa karibu na simu.

"Chubwi inalia tup. We Kiyo, ulitia nini humo?"

"Chubwi."

"Basi acha kuitikisa, utaiharibu."

Ningeachaje? Siku nne sikutulia. Kazini nakaa, nasimama, naenda chooni bila haja. Nikirudi nyumbani hata koti sijavua, niko kabatini. Ting. Chai naimimina, inapoa, namwaga, namimina nyingine.

Kusema ukweli, nilikuwa nimeshajua. Sikutaka tu kukiri kwamba najua.

Turudi nyuma miaka tisa. Zimebaki siku tatu mwaka mpya uingie. Tuko jikoni kwa mama: mama, kaka yangu mkubwa Nobuhiro, mkewe Chinatsu, na mimi. Mama na Chinatsu wanakanda mochi, ule wali wa kutwanga tunaokula mwaka mpya. Mama akavua pete yake ya ndoa isishike unga.

Chumba changu kilikuwa na baridi kali, kwa hiyo nilikuwa nimejibanza kwenye kona ya meza hiyo hiyo, nashughulika na pua ya ndege.

"Shem, tupishe meza bwana," Chinatsu akasema huku anacheka. "Ndege yako itapaa na unga wetu."

Utani tu. Mimi nikanuna. Nikachota kiganja kizima kutoka kwenye kikopo cha chubwi, jicho nimemtolea yeye, nikashindilia puani, nikafunga. Nikahamia sebuleni na ndege yangu.

Walipomaliza, pete haipo.

"Niliiweka ndani ya kitu, hapa mezani, isipotee," mama akasema. Kitu gani, hakumbuki.

Nani alifuta meza? Chinatsu.

Nikasema, wakuu. Mbele ya mumewe. "Mikono iliyopita mezani ni ya watu wawili, na mama hawezi kujiibia."

Chinatsu alikwenda kuchukua mkoba wake, akaumwaga wote sakafuni. Kitana, leso, funguo. Pete hamna. Na mimi nikaleta kikopo changu, nikakikung'uta mbele yao, chubwi zikatawanyika.

"Changu hiki hapa," nikasema. "Mnaona? Hamna kitu."

Naona haya kuandika hili, lakini nilisikia raha.

Kaka alimchukua mkewe wakaondoka bila kula. Mwaka mpya ule hawakuja, wala uliofuata. Mama alinisihi mpaka akachoka. "Kiyo, acha hayo. Pete ni yangu na mimi nimeshaisamehe." Sikuacha. Niliwasimulia binamu, majirani, chama kizima. Kila nikisimulia, nilikuwa na hakika zaidi.

Miaka mitatu iliyopita mama akafariki.

Kwetu, mwili ukishachomwa, ndugu huokota mifupa kwa vijiti na kuitia kwenye chungu. Kila mmoja hupewa vijiti vyake. Chinatsu aliponyoosha mkono kupokea, nikauzuia.

"Wewe hapana. Ulishachukua chako."

Kaka aliweka vijiti vyake chini, akamshika mkewe mkono, wakatoka. Mama yetu tulimwokota mimi na mabinamu.

Sasa mnaelewa kwa nini nilikuwa situlii.

Jumamosi asubuhi nikashika kisu. Mshono wa ile pua niliusugua wiki tatu mpaka ukapotea kabisa, na sasa nilikuwa nautafuta kwa ukucha. Plastiki ikalia, ikapasuka hadi kwenye dirisha la rubani. Udongo mkavu ukamwagika. Chubwi sita.

Na pete. Ndani yake tarehe ya ndoa ya wazazi wangu. Kile “kitu” cha mama kilikuwa kikopo changu cha chubwi, na mimi niliichota bila kutazama.

Nilikaa sakafuni nikalia kwa sauti, mtu mzima mimi.

Kisha likanijia wazo, na nisiwafiche: hakuna anayejua. Mto Abe uko karibu. Naitupa, nafunga pua, naenda maonyesho. Nikatoka nayo mpaka darajani, nikarudi. Nikatoka tena, nikarudi. Mara ya tatu nilipita daraja, nikajikuta stesheni, nikapanda treni ya Yaizu, kwa kaka. Viti vilikuwa vitupu, nikasimama njia nzima.

Kaka alifungua mlango. Hakusogea nipite.

"Umekosea nyumba."

"Nimemfuata shemeji."

Chinatsu akatokea nyuma yake, mikono imelowa, aproni kiunoni. Nikapiga magoti pale pale panapovuliwa viatu, paji la uso chini, nikafungua kiganja.

"Ilikuwa ndani ya ndege. Niliitia mimi."

Hakuipokea. Sufuria ilikuwa inachemka huko ndani, hakuna aliyekwenda kuizima.

"Miaka tisa," akasema.

"Ndiyo."

"Kwenye kabati lako la vioo."

"Ndiyo."

"Na zawadi ukashinda nayo."

"Ndiyo, shem."

Alicheka, kicheko kibaya, kikakatika njiani.

"Pete siitaki. Nirudishie vijiti vya siku ile. Unavyo?"

Nikaiweka pete chini, kando ya viatu.

"Kila ninachopika humu ndani alinifundisha mama," akasema. "Sikumgusa hata mfupa mmoja, Kiyo."

"Nenda," kaka akaniambia.

"Ngoja kwanza," Chinatsu akasema. "Mkiweka modeli zenu mezani, si huwa mnaandika kikadi?"

"Tunaandika. Jina lako, rangi, vitu ulivyotumia."

"Basi nenda kaandike ulivyotumia."

Mei ikafika. Pua nilikuwa nimeirudishia, ufa unaonekana. Uzito sikuurudisha. Nikaiweka ndege kwenye meza ya chama na palepale ikakaa mkia, pua juu. Kando yake kadi: uzito wa puani, chubwi sita na pete ya mama, ambayo nilimsingizia shemeji yangu kuiiba.

Wa kwanza kuja alikuwa mama mmoja wa chama cha Hamamatsu, mchangamfu kweli.

"Pole baba, umesahau uzito! Nikuletee chubwi? Ninazo kwenye gari."

"Asante mama. Soma kadi."

Akasoma. Tabasamu likaondoka, naye akaondoka bila kuaga. Akaja wa pili. Wa tatu. Kila mtu ananihurumia, namwonyesha kadi, huruma inaisha. Sikuweza kukaa. Nilizunguka ile meza mpaka visigino vikaniuma.

Mzee Iwao alisoma mara mbili, akavua miwani.

"Mimi huyu shemeji yako nilikuwa namkuta stesheni, simsalimii," akasema. "Kwa ajili yako."

Akaenda kukaa meza nyingine.

Siku ya pili, mchana, Chinatsu akaja na kaka. Watu wakapisha. Aliinama akasoma kadi polepole, kidole kikifuata mistari.

"Mbona maandishi madogo?"

"Kadi yenyewe ndogo, shem."

"Ulipokuwa unaniita mwizi, ulinong'ona?"

Nikachukua kifuniko cha boksi la modeli, nikakigeuza upande wa ndani mweupe, nikachovya brashi kwenye rangi nyeusi. CHINATSU HAKUIBA. PETE NILIIFUNGIA MIMI HUMU, NIKAMSINGIZIA YEYE. Nikakisimamisha nyuma ya ndege. Kilisomeka kutoka mlangoni.

Kaka alikitazama kifuniko, kisha ndege.

"Ndege imekaa vibaya," akasema.

"Itakaa hivyo hivyo, kaka."

Akaitikia kwa kichwa, wakaenda zao.

Juzi, mwaka mpya, nikaitwa Yaizu. Mara ya kwanza baada ya miaka yote hiyo. Pete niliyoiacha mlangoni kwao siku ile iko pale, mbele ya picha ya mama. Hakuna aliyeniambia nimesamehewa, na mimi sikuthubutu kuuliza. Nilikaa mwisho wa meza, mikono nimeibana mapajani.

Chinatsu aligawa supu ya mochi. Akafika kwangu, akasimama. Nikadhani atanipita.

Akanitia vijiti mkononi.

"Kula, inapoa."

Wakuu, nikala.

Nilichojifunza ni hiki. Kikipotea kitu, kabla ya kupekua mkoba wa mwenzio, fungua kwanza kiganja chako. Na kama ulimchafua mtu kwa sauti kubwa, usimsafishe kwa kunong'ona. Andika kubwa, mpaka aliye mlangoni asome.

Ile ndege bado ninayo kabatini. Imekaa mkia.