Aliyevaa Shati Langu kwenye Bani la Tumbaku

Kama huniamini, njoo Litapunga nikuvulie shati uone mgongo wangu. Mimi si mtu wa hadithi, ni mkulima wa tumbaku, na hili lilinipata saa nane mchana, jua likiwaka. Watu hudhani mambo ya namna hii husubiri giza. Nani kawaambia?

Tumbaku ukishaivuna unaining'iniza ndani ya bani, ile nyumba ndefu ya tofali isiyo na madirisha, halafu unawasha moto nje, kwenye tanuru, joto likaingie ndani kwa bomba. Moto huo unalindwa usiku na mchana kwa siku sita, saba. Joto likishuka, majani yanaharibika. Likipanda sana, bani lote linaungua. Sasa, hapa kwetu tulikuwa na imani moja: aliyewasha ndiye anayemaliza, maana moto ukibadilishwa mkono, majani yanatoka meusi. Nani alianzisha sijui, lakini nililishika neno hilo kama amri ya kanisa.

Mke wangu, Nshoma, aliniambia tangu siku ya pili, "Baba Kabula, nenda kalale, nitakaa mimi." Nikakataa. Siku ya tatu akarudia, nikamfokea mpaka akalia. Nilikuwa nakunywa chai ya majani mengi, navuta ugoro, najimwagia maji kichwani, na wanaume wenzangu wakipita wananisifu. Nikajiona dume kweli, kumbe mjinga tu.

Siku hizo mama mkwe wangu alikuwa kwetu akitusaidia mavuno. Sisi ni Wasukuma, tumehamia huku Katavi na mila zetu. Mtu na mama mkwe wake hawashikani mikono, hawali pamoja, hata macho hawatazamani. Akiniletea chakula alikiweka chini mbali kidogo, akakohoa, akaondoka. Miaka kumi na mmoja ya ndoa, sikuwahi kumtazama usoni. Likumbuke hilo.

Siku ya tano, kuni zilianza kutambaa. Nakwambia nilizicheka, nikaziambia zitulie. Nilikuwa kifua wazi kwa sababu ya joto. Nilipoinua macho, mtu alikuwa amekaa kwenye gogo langu.

"Pole na moto, kaka," akasema.

"Asante. Karibu."

Unaona? Nilimkaribisha mwenyewe, wala moyo haukushtuka. Alikuwa wa kimo changu, mwembamba, na hapepesi macho. Nzi alitua kwenye jicho lake akatembea juu yake, naye hakufumba. Na alikuwa amevaa shati langu la kanisani, jeupe lenye mistari ya bluu, ambalo Nshoma alilipiga pasi asubuhi ile na kulifungia kwenye sanduku. Nilitaka kumuuliza kalitoa wapi. Sijui kwa nini sikumuuliza.

Aliniambia moto umekufa. Nikachungulia tanuruni na kweli nikaona majivu matupu. Nikatupia magogo. "Bado," akasema. Nikatupia mengine, na mengine tena, mpaka jasho likaniziba macho. Halafu akanisogelea sikioni, akasema kwa upole kabisa, "Kuna mwanamke anakuja kuuzima. Usipomuua, jasho lako la mwaka mzima limekwenda."

Niamini, hapo hapo mwanamke akatokea, anakuja mbio.

Alikuwa Nshoma. Aliona moshi unatoka kwenye paa la bani, akaja kuchomoa yale magogo niliyojaza. Hayo nilielezwa baadaye. Mimi nilichokiona ni kiumbe kisicho na pua wala mdomo, kinainama kwenye moto wangu. Alipovuta gogo la kwanza, nikainua la kwangu nikampiga. Mkono wake ulivunjika, niliusikia, na mlio ule ninao mpaka leo. Akaanguka. Nikampiga tena begani. Nikamkalia kifuani, nikamkaba shingo kwa mikono yote miwili. Wanasema alikuwa ananiita jina langu. Mimi nilisikia sauti ya mnyama, na nyuma yangu yule mtu akisema, "Kaza." Nikakaza.

Kitu cha moto kikanishukia mgongoni.

Mama mkwe alikuwa jikoni anapika uji. Aliposikia binti yake anapiga kelele, alikuja na sufuria hiyo hiyo ikichemka, akanimwagia yote. Hata hivyo sikuachia. Ndipo akafanya jambo ambalo mama mkwe wa Kisukuma hafanyi: akanishika. Alinikamata kichwa kwa mikono miwili, akakivuta nyuma, akanikazia macho.

"Nitazame! Huyo ni mwanangu!"

Nikamtazama. Yalikuwa macho ya Nshoma. Mke wangu alimrithi macho yake yale yale, nami sikuwahi kujua, maana ningejulia wapi? Nikainamisha uso, na chini yangu nikayaona macho hayo tena, yamemtoka, midomo imekuwa ya bluu. Nikaachia.

Niligeuka kumtafuta yule mtu. Hakukuwa na mtu. Shati langu la kanisani lilikuwa mwilini mwangu, limegandamana na ngozi ya mgongo.

Majirani walinifunga kwa kamba za tumbaku. Nikalala hapo hapo nilipofungwa, kuanzia mchana ule hadi jioni ya kesho yake. Bani liliungua lote mimi nikikoroma.

Nshoma alipelekwa hospitali mjini Mpanda kwa bodaboda, akishikiliwa na mama yake nyuma. Baba yangu mdogo alisema ni jini, akataka tuende kwa mganga. Nami nikakubali, kwa sababu jini lingenisafisha mimi. Lakini mama mkwe alikataa, akasema niende nikaonane na daktari wa akili. Huyo daktari hakuuliza habari za jini. Aliuliza, "Mara ya mwisho ulilala lini?" Nikahesabu siku kwa vidole mpaka vya mkono mmoja vikaisha. Akanieleza kwamba ubongo ukinyimwa usingizi siku nyingi, unaanza kuota wenyewe huku macho yako wazi, na kwamba shati nililifuata mwenyewe nyumbani, ila sikumbuki. Sawa. Lakini sanduku tulilikuta na kufuli yake, na ufunguo ulikuwa shingoni mwa Nshoma. Nilimwambia daktari hivyo. Aliandika tu kwenye karatasi zake.

Nikwambie kinachonitisha mimi? Si kufuli. Angekuwa mzimu wa pale bani, ningehama, leo ningekuwa nalima Ilembo na mambo yameisha. Lakini kama daktari anasema kweli, yule mtu anakaa kichwani mwangu. Nitahamia wapi nimwache?

Mkono wa Nshoma haukunyooka tena. Amenisamehe, alilisema mbele ya wazazi. Hata hivyo nikitokea nyuma yake ghafla, ule mkono uliopinda unapanda wenyewe kukinga uso. Naona aibu, ndugu yangu, aibu ambayo haijaisha na sidhani kama itaisha.

Kwa hiyo wewe unayejisifu kukesha, uwe dereva wa lori, uwe mlinzi, uwe mama mwenye mtoto mchanga, ukiambiwa "nenda kalale, nitakaa mimi", nenda. Usingizi si uvivu. Na siku ukimkuta mtu asiyepepesa macho amekaa kwenye kiti chako, usimkaribishe. Piga kelele uwaite wenzako.

Mama mkwe hakurudi kwao. Kila asubuhi anakuja mlangoni, anakohoa, anageuzia uso pembeni kama zamani, anauliza, "Baba, umelala?" Anasubiri jibu kabla hajamruhusu Nshoma kuniletea chai. Wiki iliyopita jino lilinisumbua usiku kucha. Alipouliza, nilitaka nimdanganye. Nikasema, "Sijalala, mayu." Mayu ndivyo tunavyomwita mama.

Akaingia ndani, chumba ambacho kwa mila hatakiwi kukanyaga. Akachukua shoka na panga, akavipeleka kwa jirani. Akarudi, akanitandikia mkeka, kisha akakaa mlangoni akinitazama usoni mpaka nikafumba macho.