Jina la Nne kwenye Kadi

Juzi mwalimu mmoja wa sekondari ya Kahororo aliniomba nimshauri vitabu vya kidato cha pili. Katika rundo lake nikaliona jalada ninalolifahamu, nikakumbuka mchana mmoja kwetu Muleba.

Madamu Koku, aliyetunza maktaba yetu, aliniita akanipa kitabu hicho. "Kisome leo leo, mwanangu." Kilinuka ukungu. Kwenye kadi aliandika jina langu chini ya Jovina, Adela na Stela. Wote watatu walikuwa wameacha shule. Nikaamini kitabu kile kina mkosi, nikakifukia migombani bila kukifungua.

Nyumbani kulinukia rubisi, pombe yetu ya ndizi. Wageni nisiowajua walitafuna buni za kahawa taratibu huku wakinitazama, na baba alicheka kuliko kawaida.

"Wasalimie vizuri," mama alisema, akiangalia chini.

Nikapiga magoti. Nilidhani ni sikukuu.

Kitabu kile nilikisoma juzi. Ni habari za binti aliyekuwa anaozwa, akakimbilia kwa mwalimu wake. Wenzangu waliobaki shuleni walinisimulia baadaye kwamba siku ile Madamu Koku hakufunga mlango wa maktaba mpaka giza lilipoingia.