Kipande cha video kilichomrudishia Mama Fidea mwendo wa mumewe (Ifakara, miaka ya tisini)

Wakuu, kwema humu? Hili nalisimulia lilivyotokea, sina cha kuongeza.

Mwishoni mwa miaka ya tisini nilikuwa fundi kompyuta kwenye mradi wa mpunga, ofisi ipo Mlabani. Tulikuwa na CD ya video ya mavuno kule Mchombe.

Mchana mmoja wa mvua akaja Mama Fidea, mkulima wa huko. Mumewe alikufa maji, mtumbwi ulipinduka mto Kilombero. Picha zao zote zilienda na mafuriko.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nasikia Baba Fidea yumo humo. Sura naikumbuka. Mwendo wake ndio umeanza kunipotea."

Kweli alikuwemo, pembeni kushoto, mdogo kama kidole.

Shida ikawa mashine. Video ile ilikuwa imebanwa ili itoshe kwenye CD, na kila picha lazima ifunguliwe ndipo ionekane. Kompyuta yetu ikawa inakwama. Baba Fidea akawa anaruka-ruka kama sanamu inayosogezwa.

"Hatembei hivyo," mama akasema taratibu.

Na CD ilikuwa inaondoka kesho yake kwenda Dar.

Nikamwomba asubiri. Nilikuwa na programu ya kufungulia video niliyotoka nayo chuoni, pamoja na code yake, yaani maandishi yanayoiendesha. Nikaichokonoa ifungue kile kipande cha picha alichomo Baba Fidea tu, kwingine kote kubaki giza, ili mashine isielemewe.

Mvua inapiga bati.

Nikabonyeza.

Akatembea.

Wataalamu mnajua, kila picha huazima vipande kwa iliyotangulia. Pembezoni mwa kile kipande pakavurugika kwa kukosa pa kuazima, akawa kama mtu unayemwona ndani ya maji, anakuja polepole, anacheka.

Mama akasogeza kiti. "Bega la kushoto linatangulia. Ndiye." Kisha akauliza, "Anacheka na nani?"

Upande ule ulikuwa giza. Nikahamishia kipande kulia, nikaanza upya.

Akatokea mwanamke anapepeta mpunga, kanga kiunoni, anamtazama mtu tusiyemwona, anacheka mpaka ungo unayumba.

Mama Fidea akamtazama muda mrefu.

"Kumbe nilikuwa namtazama hivi," akasema.

Nilichojifunza: mtu akiniletea kazi, kwanza namuuliza anatafuta kuona nini hasa.

Kama umewahi kumkuta mtu wako kwenye video ya watu wengine, tupe kisa chako hapa chini. Nasoma zote.