Sheria ya Chipsi na Tumbo la Mheshimiwa

Nikodemo Silwimba alipoanza uchuuzi wa mahindi pale Tunduma alikuwa mwembamba, na hakuna aliyemsikiliza hata aliposema kweli. Biashara ilipokaa sawa alinunua lori, na tumbo likafuata. Watu wa kata yetu wakaanza kumwita mzee, kisha wakampa uenyekiti wa kamati za harusi, na ulipofika uchaguzi wakamfanya diwani. Kwetu mtu akikwambia umenenepa amekupongeza, nawe unashukuru. Kwenye kampeni Nikodemo hakuahidi mengi. Alipanda jukwaani polepole, akahema, na watu wakaona kwamba huyu ameshashiba, hana sababu ya kutuibia.

Mwaka wa pili wa udiwani wake alipelekwa Mbeya kwenye semina ya magonjwa yasiyoambukiza. Siku ya kwanza walifundishwa hatari ya sukari, kisha wakapumzika kwa soda, sambusa na keki. Siku ya pili daktari alileta futi kamba akawapima viuno. Kwa Nikodemo ncha hazikukutana. Daktari aliomba futi kamba nyingine, akaiunga na ile ya kwanza mbele ya watu. Madiwani wenzake wakacheka, naye akacheka. Akapimwa presha na sukari, na hapo daktari hakucheka. Alimvuta pembeni, akamwuliza kama kwenye ukoo wao kuna mtu aliyewahi kupooza.

Yupo. Kaka yake Damiano, mwenye shamba la kahawa kule Isansa, siku hizi anakalishwa barazani asubuhi na kuingizwa ndani jioni, mdomo umekwenda upande. Chakula cha mchana siku hiyo Nikodemo alimsogezea jirani yake, ingawa kilikuwa kizuri.

Alirudi na rasimu ya sheria ndogo. Halmashauri yenyewe siitaji kwa jina, kwa kuwa bado naishi humo. Sheria ilitaka vikao vya baraza viwe na matunda na maji badala ya soda na vitafunio vya kukaanga. Ilitaka madiwani na watumishi wafanye mazoezi kila Jumamosi. Mwisho, ilikataza chipsi na soda kuuzwa jirani na shule ya msingi.

Baraza liliijadili kwa uzito unaostahili. Mjumbe mmoja, sambusa mkononi, alisema suala la vitafunio vya vikao linahitaji utafiti wa kina, likapelekwa kwenye kamati. Mazoezi yalisifiwa sana, ila yakaambiwa yasubiri bajeti ya viatu. Chipsi zikapigwa marufuku bila kupingwa, kwa makofi, maana wakaanga chipsi hawakuwa na mjumbe barazani. Nikodemo alijaribu kusema kwamba sheria imekatwa kichwa na miguu. Mwenyekiti akampongeza kwa ubunifu.

Mzigo wote ukamwangukia Ferista, mjane aliyekaanga chipsi karibu na uzio wa shule. Mgambo walimwondoa, na chipsi zilizokuwa tayari wakazila, nadhani kama kielelezo. Lakini shule ile iko mpakani kabisa. Baada ya muda mfupi Ferista alihamishia jiko lake upande wa pili wa jiwe la mpaka, uani kwa shemeji yake, Zambia, na harufu ikaendelea kuingia madarasani kama kawaida. Wanafunzi wakawa wanakwenda nje ya nchi wakati wa mapumziko. Nikodemo alimfuata kumsihi. Ferista alimpa kiti, akamtazama bila hasira.

"Mheshimiwa, karibu Zambia," alisema. "Huku sheria yako inahitaji pasipoti."

Hadi leo anakaanga palepale.

Aliyeishika sheria nzima, pamoja na vifungu vilivyokataliwa, alikuwa Nikodemo peke yake. Alitembea kila asubuhi, akaacha soda, akawa anakwenda vikaoni na ndizi zake mfukoni. Mwili ukapungua, na taabu ikaanza.

Wa kwanza kuumia alikuwa mkewe, Yunisi. Wanawake sokoni walimwuliza kwa upole kama nyumbani kuna amani. Ndugu wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, walikuja na kuku na sura za msibani. Jumapili moja mchungaji aliposoma majina ya wagonjwa wa kuombewa, Nikodemo alitajwa baada tu ya bibi mmoja aliyekuwa mahututi. Akasimama kueleza kwamba yeye ni mzima. Aliposimama suruali ikaanza kuteremka, akaidaka kwa mikono miwili, na kina mama wa kwaya wakaangua kilio. Ikabidi aketi, akaombewa.

"Baba Joshua," Yunisi alimwambia wakirudi nyumbani, "si ule kidogo tu, mpaka uchaguzi upite?"

Alikaribia kukubali. Kwanza akaenda Isansa kumwona kaka yake. Damiano hakuweza kusema vizuri, lakini alimshika mkono, akapapasa mfupa wa kifundo, akatikisa kichwa kwa huzuni. Hata yeye alidhani mdogo wake anaumwa. Njiani kurudi Nikodemo alilia, asijue hasa anamlilia nani. Lakini hakurudia soda.

Kwenye kura za maoni za chama, za kumteua mgombea, alipambana na Boazi, mwenye baa ya nyama choma. Boazi alipanda jukwaani polepole, akahema. Aliwaambia wajumbe kwamba wao wenyewe wanamwona alivyo, hana la kuficha. Alishinda kwa mbali.

Mwezi huohuo nesi wa kliniki alimwambia Nikodemo kwamba sukari imeshuka na presha imetulia. Habari hiyo hakuwa na wa kumpelekea isipokuwa mkewe. Yunisi mwenyewe magoti yalikuwa yakimsumbua, na asubuhi moja alijifunga kitenge akamfuata. Aliona haya kuonekana anatembea bila mzigo wala safari, kwa hiyo kila walipokutana na mtu alisema wanamtafuta mbuzi wao aliyepotea.

Hawajawahi kufuga mbuzi, na majirani wanajua. Hata hivyo wawili watatu wa kwaya wakajitolea kusaidia, kisha wengine, na sasa kila alfajiri kundi zima linamtafuta mbuzi huyo kwa mwendo wa haraka hadi mashamba ya nje ya mji. Boazi, ambaye sasa ndiye diwani, naye ametangaza kwamba ofisi yake iko kwenye mchakato wa kuandaa mpango wa mazoezi kwa wananchi. Mabango yenye picha yake yameshabandikwa.

Juzi Tabita, mwenye duka la vitenge, mwanamke mwenye mwili wake, aliwasimamisha njiani akauliza mbuzi mwenyewe ni wa rangi gani.

"Mweusi," Yunisi alimjibu.

Tabita alifikiri kidogo, akavua ndala, akazishika mkononi, akaungana nao.