Kwandu na Kopo la Amino

Siku Kwandu alipoingia mara ya kwanza dukani kwa Hamimu, Bariadi mjini, alianza na bei kabla ya salamu.

"Kopo hili la amino, la vijana wanaonyanyua vyuma, ukilipunguza bei nalichukua. Mwangaluka, baba."

"Mwangaluka, mayu. Wewe na vyuma wapi na wapi?"

Kwandu, mama mkulima wa pamba wa Ngulyati, alikuwa ametoka kwenye homa iliyomlaza msimu mzima. Zahanati walimwambia mifupa ni mizima, misuli ya mapaja ndiyo imeisha. Na baada ya mavuno wakwe wa bintiye Violeth wangekuja. Kuwapigia magoti angeweza, kuinuka je? Akishikwa mkono mbele yao watasema binti katoka ukoo wa wagonjwa, posa ivunjike.

Hamimu akapunguza kidogo, akauza. Biashara ni biashara.

Kopo lilipokwisha, mama akarudi na fimbo mkononi.

"Umeniuzia unga wa ugali! Miguu ni ileile!"

"Ulikuwa unatumiaje?"

"Kama dawa yoyote. Nimeshika mwiko: jembe sikugusa, maji sikuchota."

Hamimu akacheka mpaka akashika kaunta. Dawa ya mganga huja na mwiko wa kutulia, na yeye muuzaji hakuwa amemweleza kwamba hili halina mwiko.

"Mayu, amino ni matofali, fundi ni kazi. Paja likitumikishwa ndipo misuli na homoni za mwili huamka zikajenga. Ukikaa tu, matofali yanalala kiwanjani."

"Basi nipe kopo jingine."

Angeuza. Lakini mteja anayekulalamikia sokoni hula faida ya makopo kumi. "Kula mayai, kunde na dagaa, amino zimo humo. Kila gulio njoo hapa: keti kwenye gunia la mchele, simama bila kushika kitu."

Akawa anakuja. Aliinuka kutoka gunia refu, kisha fupi, kisha kutoka magotini sakafuni.

"Kwandu, unataka mieleka?" wanawake walimtania.

"Nataka kuwaangusha waume zenu!"

Wakwe walipofika, Kwandu alipiga magoti, akamsalimu kila mzee bila haraka, akainuka mwenyewe akaenda kupakua chakula. Violeth akaolewa.

Hamimu alipoteza mnunuzi wa makopo, akapata wanawake wa Ngulyati wanaonunua kunde na dagaa kwake. Kwandu alimpelekea jogoo, na Hamimu alimpokea kwa mikono miwili. Vijana wanaonunua makopo yake wakijaa kifua husifu vyuma, wasipojaa humlaumu yeye. Huyu mama ndiye wa kwanza kurudi kusema asante.