Kapeti la Upande wa Mama

Leo fundi amefungua rejeta ya gari langu, na ile harufu tamu ya kulanti, maji ya kupozea injini, imeninyanyua kitini. Nazunguka gereji kama mtu aliyepoteza funguo.

Baba alikuwa na gari kuukuu la spoti, la milango miwili, lililokuwa likipungukiwa maji ya rejeta bila kudondosha hata tone. Kila usiku pale Chumbageni, mtaani kwetu Tanga, alitandika kipande cha boksi chini ya injini, asubuhi akalikuta kavu. Tukienda Pangani alisimama kila mara, anafungua boneti, anafunga, hatulii. Mimi bintiye nilikaa nyuma, ile harufu tamu ikinijaa puani.

Kilicholowa ni kapeti la mbele, upande wa mama.

“Ukishatawadha, kausha miguu!” baba alifoka. “Unaniozeshea gari.”

“Nimeikausha, baba watoto.”

“Na haya maji yametoka wapi?”

Mwisho baba akalipeleka gari kwa fundi. Fundi akalifunua kapeti, akachovya kidole, akanusa.

“Mzee, haya si ya udhu. Ni kulanti. Hita inavuja, hapa nyuma ya dashibodi.”

“Hita? Joto lote hili la Tanga, nani anawasha hita?”

“Huiwashi, lakini maji yanapita humo humo.”

Akaunganisha mipira ili maji yasipite tena kwenye hita. Baba akarudi nyumbani anapiga mluzi; lile la udhu hakulitaja tena.

Safari iliyofuata, mama alitoka kutawadha, akasimama kwenye mlango wa gari, akafuta miguu kwa upindo wa kanga, kidole kimoja kimoja. Injini inaunguruma. Baba anatazama barabara.