Kebo ya Kumi na Saba

Siku yangu ya kwanza kazini kama fundi wa maabara nilikabidhiwa bisibisi, koleo la kubania vichwa vya kebo, na onyo. Onyo lilitoka kwa Mkuu wa Idara, bwana mrefu wa suti ya kijivu. Alinipeleka stoo, akanionyesha masanduku sita yaliyofungwa kwa plastiki, akasema, "Madam Mumbua, hizi ni ruta mpya. Zisiguswe. Wanafunzi wataziharibu."

Ruta ni kifaa kinachoelekeza data kutoka mtandao mmoja hadi mwingine. Chuo chetu, pale ukingoni mwa Kawangware, Nairobi, kilitoa shahada ya mitandao ya kompyuta, na ruta hizo zilinunuliwa za kufundishia. Nikamuuliza wanafunzi watajifunza na nini.

"Na ubao," akasema, akafunga mlango.

Basi tukafundisha na ubao. Mhadhiri alichora kompyuta kwa chaki, akachora mshale, na darasa likanakili mshale. Wanafunzi walijua kukariri kwamba itifaki ni kanuni ambazo mashine hukubaliana kuzifuata ili zielewane, lakini ukimpa mmoja kichwa cha kebo anakuuliza upande wa juu ni upi. Nami kila jioni nikirudi nyumbani mtaa wa Satellite nilipita vibanda vya vijana wanaotengeneza simu, hawana hata cheti, wamezifungua mpaka skrubu ya mwisho. Nilikuwa nafika nyumbani nimenuna, na mume wangu haulizi tena kwa nini.

Lakini nisijifanye malaika. Msimamizi wa Maabara, mzee aliyenifunza kazi, aliniambia wiki ya kwanza, "Mumbua, usiandike kitu. Ukiandika, watakuhitaji kwa nini?" Nikamsikiliza. Jengo lile lote nilivuta kebo mimi mwenyewe. Ishirini na nne ziliingia kwenye swichi, kile kisanduku cha kuziunganisha, na hakuna hata moja iliyokuwa na lebo. Ramani ilikuwa kichwani mwangu. Nikiugua mafua, idara nzima inaugua, na kusema kweli nililipenda jambo hilo.

Ndipo akaja Zamzam. Alikuwa Mnubi wa Kibra, msichana mpole mwenye swali moja zaidi ya wenzake wote. Kwao, karibu na zile fleti za Soweto East, alikuwa amewaunganishia majirani intaneti, kwa hiyo alijua mambo ambayo ubao haukuwahi kuyajua. Alibakiza mtihani mmoja wa vitendo ili afuzu. Angekuwa wa kwanza kwao kupata shahada, na nyanya yake alikuwa ameshasuka kawa mbili za rangi za kufunikia chakula cha sherehe. Zamzam alinionyesha picha zake kwenye simu mara tatu.

Kwa kuwa ruta zilikuwa zimelala stoo, mtihani ulifanyiwa kwenye mtandao wenyewe wa chuo. Mtahini alitoka chuo kingine. Alimpa Zamzam kompyuta na dakika arobaini aiunganishe mtandaoni. Akafanya kila kitu sawasawa, kompyuta ikakataa. Akatazama kioo, akatabasamu kidogo.

"Sir, kuna kifaa kingine kinapeana address," akamwambia mtahini. "Hii kitu hutokea sana huko kwetu, mtu akinunua ruta yake na kuichomeka tu."

Nieleze hapo. Kompyuta ikiwashwa huomba anwani, yaani namba ya kuitambulisha, na katika mtandao kuna kifaa kimoja kilichoteuliwa kuigawa. Vikigawa viwili, mashine hupewa anwani isiyoipeleka popote.

"Hakuna kitu kama hicho," Mkuu wa Idara, aliyekuja kutazama, akadakia. "Mtandao wangu uko sawa. Huyu amekwama."

Zamzam akafungua kabati la swichi, akaona kebo ishirini na nne zisizo na jina. Hakulalamika. Akaanza kuchomoa moja, kujaribu, kuirudisha, kisha inayofuata. Kila moja ilichukua dakika nzima. Nami nilisimama ukutani nikitokwa na jasho, kwa maana asubuhi ile nilimwona Mkuu wa Idara akiingia ofisini na kijisanduku chenye antena mbili, na kebo ya ofisi yake naijua. Ilikuwa ya kumi na saba.

Alipofika ya kumi na nne zilibaki dakika kumi. Mkuu wa Idara akapandisha sauti, "Mtahini, msimamishe! Anavuruga mtandao!"

Nikashindwa kujizuia. "Ni yako!" nikapiga kelele. "Ya kumi na saba! Ni hiyo ruta umetoa nyumbani!"

Zamzam akaniangalia kwa macho ambayo sijayasahau. Akaichomoa ya kumi na saba, kompyuta ikapata mtandao. Mtahini akaweka kalamu chini, akasema kwa upole kabisa kwamba mtahiniwa aliyeambiwa jibu mtihani wake umefutika, arudie mwaka unaofuata.

Zilibaki kebo tatu. Angezifikia mwenyewe, na muda ungebaki. Mimi ndiye niliyemnyima, kwa mdomo wangu, baada ya miaka yote ya kuufunga pale ulipohitajika. Mkuu wa Idara alinipa barua ya onyo. Ruta yake aliondoka nayo jioni chini ya koti.

Wiki ile niliandika lebo ishirini na nne, kisha nikanunua daftari nikaichora ramani yote. Mwaka uliofuata Zamzam alirudi, akafungua kabati lile lile, akasoma lebo moja moja bila haraka.

"Madam," akasema, "si ungeandika hizi mwaka jana?"

Nilisema ndiyo. Akafanya mtihani, akamaliza kwa dakika kumi na tano. Kawa zile zilikuwa zimekaa kwa nyanya yake mwaka mzima, nami nilialikwa kula kilichokuwa chini yake. Nilikula kwa aibu.

Siku ya kustaafu nilimkabidhi fundi mpya daftari langu. Mwanamume wa makamo, nadhifu, ana shahada mbili. Akaligeuza huku na huku kwa heshima, akatoa mfuko wa plastiki, akalitia ndani, akalifunga kwa selotepu.

"Nitaliweka stoo, pamoja na zile ruta," akasema. "Lisiharibike."

Nikamnyang'anya. Nikaichana plastiki kwa meno mbele ya wafanyakazi wote, nikalitoboa daftari tundu, nikalifunga kwa kamba kwenye mlango wa kabati la swichi, mahali ambapo hata mfagiaji anaweza kulisoma. Kisha nikachukua mkoba wangu, nikaenda zangu Satellite. Keki waliyonikatia sikuionja.